Uliza Mwalimu wa Milima: Tunataka kukatiza hadi Kinangop, tupitie bondeni au mgongoni?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zetu kutoka Thika. Sisi ni kikundi cha vijana saba, tunapanda milima kila tunapopata nafasi ya wikendi. Elephant Hill, kwenye milima ya Nyandarua (Aberdare), tumeizoea. Kila tukifika pale juu na mawingu yakifunguka, tunakiona kilele cha Kinangop kwa mbali na inatuuma kurudi nyuma. Tumeamua mwezi wa Januari tukatize kutoka Elephant hadi Kinangop kwa njia tutakayoichagua wenyewe. Nimeangalia picha za setilaiti kwenye simu nikaona bonde moja la kijani, laini, limenyooka karibu hadi chini ya kilele, halina kichaka. Wenzangu wawili wanasema tupitie kwenye mgongo wa mlima, lakini mgongo unazunguka, unapanda na kushuka. Bonde si fupi zaidi? Na tukipotea, tukifuata maji si tutatokea kwa watu?
Msomaji, Thika

JIBU: Salamu zimefika, na nimefurahi umeuliza sasa, kabla ya Januari. Nimezaliwa Njabini, chini ya mlima huo huo. Shamba letu la viazi lilikuwa linatazama msitu, na nilifundisha jiografia miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwa hiyo swali lako nimelijibu na ramani ikiwa mezani.

Wenzako wawili wana haki. Pandeni kwa mgongo.

Hilo bonde la kijani unaloliona kwenye simu ni maji. Nyanda za juu za Nyandarua hupata mvua na ukungu karibu mwaka mzima. Maji hayo hayateremki yote mara moja. Hukaa kwenye udongo mweusi wa mabonde ya juu, yakachuruzika polepole hadi kwenye mito. Maji ya bwawa la Ndakaini, jirani yenu hapo, na ya Sasumua, yanayonywewa Nairobi, yanatoka kwenye milima hii. Juu ya udongo huo huota nyasi za mashungi. Kila shungi husimama peke yake, hufika gotini na pengine kiunoni, na kati ya shungi na shungi kuna shimo la matope ambalo picha iliyopigwa kutoka angani haiwezi kulionyesha. Ukikanyaga juu ya shungi, linalala na mguu unapinduka. Ukikanyaga katikati, unazama. Kutoka juu yote hayo huonekana kama zulia la kijani, ndiyo maana ukaona pamenyooka.

Kuna kanuni ya kukadiria muda iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwenye njia iliyokanyagwa kanuni hiyo inasaidia sana. Kwenye mashungi yenye maji itakudanganya. Mimi pale hukadiria kilomita moja kwa saa kwa kikundi chenye afya, na sioni haya kukadiria chini ya hapo. Sasa pima bonde lako tena. Chukua uzi, ulaze juu ya ramani ukifuata kila kona ya bonde, kisha uunyooshe kwenye rula. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, kila sentimita mbili ni kilomita moja. Fanya hivyo hivyo kwa mgongo. Utaona mgongo umezidi kwa urefu, lakini ukigawanya kwa mwendo halisi wa miguu, unawahi kufika. Udongo wa mgongoni ni mwembamba, maji hayasimami, nyasi ni fupi, na mara nyingi mawe yanajitokeza mahali pa kukanyaga.

Huo ni upande wa mwendo. Kuna jambo kubwa zaidi, na ningependa mlizungumze wote saba mkiwa mmekaa: njia isiyokanyagwa huchaguliwa kuanzia kileleni kuja chini. Vikundi vingi huchora mstari wa kupanda, wakifika juu wanapiga picha, halafu ndipo wanaanza kufikiria kushuka. Wakati huo ukungu umeshaingia na wamechoka.

Tandaza mkono wako juu ya meza, kiganja chini. Vidole ni migongo ya mlima, nafasi kati yao ni mabonde, kifundo cha mkono ni kilele. Ukipanda kutoka ncha ya kidole chochote, huwezi kupotea: vidole vyote vinakutana juu. Sasa shuka kutoka kwenye kifundo. Mgongo mmoja unagawanyika kuwa miwili, miwili kuwa minne, na kila mgawanyiko unakutaka uchague. Ukikosea hatua hamsini tu karibu na kilele, kufika chini uko kilomita kadhaa kutoka mahali ulipodhani, na kati yako na njia yako kuna bonde lenye kina. Kwa hiyo wekeni kidole juu ya kilele kwenye ramani, mshuke nacho polepole, na kila mahali mgongo unapogawanyika muandike: hapa mwelekeo wa dira ni nyuzi ngapi, urefu ni mita ngapi, kushoto kuna nini, kulia kuna nini. Mkimaliza kazi hiyo, njia ya kupanda mtakuwa nayo tayari.

Sasa swali lako la kufuata maji, ambalo ndilo lililonitia wasiwasi. Ushauri huo umeenea sana, na katika Nyandarua unaweza kuua. Mito ya upande wa mashariki huanza kwa upole juu kwenye nyasi, halafu huangukia kwenye makorongo. Maporomoko ya Karuru, kwa mfano, huanguka mita 273 kwa hatua tatu. Anayefuata kijito kwenye ukungu anashuka mahali panapozidi kusimama wima, mawe yanateleza, na mianzi inamfunga pande zote. Baadaye anafika ukingoni, mbele hakuna pa kwenda, na kurudi juu hana nguvu tena. Ukipotea, panda urudi mgongoni. Juu ya mgongo upepo ni mkali, ndiyo, lakini huko ndiko utakakoona, utakakoonekana, na ambako simu ina nafasi ya kushika mtandao.

Tuje kwenye mwinuko wenyewe. Kinangop ina mita 3,906, ni ya pili katika Nyandarua baada ya Satima yenye mita 4,001. Sehemu kubwa ya kuifikia ni kutembea, lakini kilele ni mwamba na pale mwisho mtashika kwa mikono. Angalieni mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa. Kwanza hakikisheni kama ramani yenu inahesabu kwa mita au kwa futi, kwa sababu ramani za zamani bado zinazunguka mikononi mwa watu. Ikiwa ni mita, na mistari imetengana kwa mita 20, basi mistari mitano ni mita 100 za kupanda. Mistari hiyo mitano ikikaa ndani ya milimita nne za ramani ya 1:50,000, mwinuko unakaribia nyuzi 27, na kwenye nyasi zilizolowa huo ni mwinuko wa kuheshimu. Ikibanana ndani ya milimita mbili, ni nyuzi 45. Hapo msipite, tafuteni pengine. Mkumbuke pia kwamba jabali la mita 15 linaweza kujificha kabisa kati ya mstari na mstari, ramani isionyeshe chochote. Hapo ndipo picha za setilaiti zinaposaidia kweli: tafuteni kivuli. Mstari mweusi mwembamba unaokatiza mteremko ni jabali linalotupa kivuli chake, na ukiuona kwenye mgongo wenu, mnapanga kuuzunguka kabla hamjatoka Thika.

Chini ya nyasi kuna ukanda wa mianzi, na hapo sina majadiliano: msiache njia inayojulikana. Ndani ya mianzi huoni mita tano mbele. Kuna mapito mengi yanayovutia, yamefunguka vizuri, na mengi ni ya ndovu na nyati. Ndovu ana akili ya njia. Huchagua mteremko mwepesi, hukwepa kinamasi, na huko juu kwenye nyasi mapito yake mara nyingi ndiyo njia bora kuliko yoyote utakayoitafuta mwenyewe. Lakini ndani ya mianzi pito hilo lina mwenyewe, naye hupita humo. Fuateni njia ya kawaida ya Elephant Hill hadi mtoke kwenye mianzi kabisa, na uhuru wenu wa kuchagua uanzie pale kwenye nyasi na vichaka vya juu.

Kuhusu wanyama pia kuna uzio. Watu husahau kwamba safu hii imezungushiwa uzio wa umeme wa takribani kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Ulijengwa kuzuia ndovu wasiingie mashambani, na sisi tuliokulia kando ya msitu tunajua ulivyowaokolea wazazi wetu viazi na kabeji. Kwenu maana yake ni kwamba mkiwa ndani, ndovu wako ndani pamoja nanyi, na mkishuka mahali msipopapanga mtakutana na nyaya za umeme huku mashamba mnayaona mbele. Hutoki popote upendapo, unatoka kwenye lango. Kwa hiyo kwenye ile kazi ya kushuka kwa kidole, kidole kiishie langoni.

Ruhusa si jambo la kukisia. Msitu wa chini uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na huko juu mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyo chini ya Huduma ya Wanyamapori, KWS. Mnataka kutoka upande mmoja na kumalizia mwingine, basi ofisi zote mbili zijue mapema, kwa maandishi, na muombe askari mwenye bunduki aandamane nanyi. Mkiwa naye, mwonyesheni mstari wenu. Askari anayeijua safu hiyo atawaambia wapi panazama na wapi nyati walilala wiki hiyo, na akisema mgongo wenu haufai, karatasi yenu ndiyo ibadilike.

Januari mmechagua vizuri. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei na za vuli ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo Januari na Februari nyanda hizo hukauka kiasi. Hata hivyo msiondoke na nguo za Thika. Joto hupungua kwa karibu nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko mita 1,700 na kidogo, Kinangop 3,906. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 14 kabla hujaongeza upepo na nguo zilizolowa. Tangu utotoni nauona mlima ule: alfajiri uko wazi kabisa, unahesabu miamba yake, na ikifika saa nne au saa tano wingu limeshaukalia. Fulana ya pamba ikilowa hapo inanyonya joto la mwili, na mtu anaanza kuongea ovyo na kujikwaa bila yeye mwenyewe kujua kwamba ni baridi. Vaeni sufu au nguo zinazokauka upesi, koti la mvua la kweli, na kila mtu awe na sweta moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki ambayo haiguswi mpaka kuwe na shida.

Na muda. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na muda mfupi baadaye ni giza totoro. Kwa kukatiza kutoka Elephant hadi Kinangop na kushuka siku moja, kwa watu saba ambao hawajawahi kupita, mimi nasema hapana. Ombeni ruhusa ya kulala juu, mfanye siku mbili. Mkilala, maumivu ya kichwa na kichefuchefu vya urefu visipuuzwe. Mtu akizidiwa usiku, anateremshwa, haambiwi avumilie. Na kubalianeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka. Mimi ningeweka saa saba mchana: popote mtakapokuwa saa saba, hata kilele kikiwa mbele ya macho, mnageuka.

Lakini kama mngekuwa wanafunzi wangu, ningewapa mpango mwingine kabisa. Januari nendeni Kinangop kwa njia yake ya kawaida, mkiwa na mwenyeji anayeijua. Mkifika juu, tulieni nusu saa mkitazama upande wa Elephant, ramani mkononi, mkatambue migongo mmoja mmoja na mpige picha kila upande. Mkishuka, geukeni nyuma kila baada ya dakika kumi kuona mlima unavyofanana kwa upande huo. Halafu Februari, mkatize kutoka Elephant. Mtakuwa mnakwenda kwenye kilele mnachokijua, mkishukia njia mliyokwisha kuikanyaga, na sehemu ya kubahatisha itabaki ile ya katikati peke yake. Najua Februari inaonekana mbali kwa mwenye hamu.

SWALI: Mwalimu, siku hizi simu ina ramani na inaonyesha nilipo hata bila mtandao. Kuna haja gani ya kubeba dira?
Msomaji, Nyahururu

JIBU: Beba vyote viwili, ndugu yangu. Simu nami naitumia, na ikionyesha nukta ya mahali ulipo ni msaada mkubwa kwenye ukungu. Pakua ramani ukiwa nyumbani, na ujaribu kuifungua ukiwa umezima data kabisa ili uhakikishe ipo. Tatizo la kwanza ni baridi: betri iliyokuwa na nusu ya chaji inaweza kuzimika ghafla. Ilaze karibu na mwili, chini ya sweta, na pawabanki vilevile. Tatizo la pili ni kwamba kioo kilicholowa hakisikii kidole, na huko juu utalowa.

Dira haina betri. Na hapa Kenya tuna bahati ambayo wapanda milima wa nchi nyingi hawana: kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani zinatofautiana kwa kiasi kidogo mno, karibu nyuzi moja, kwa hiyo huhitaji hesabu za kusahihisha. Unachukua mwelekeo kwenye ramani, unauweka kwenye dira, unatembea. Isipokuwa usishike dira karibu na simu au kisu.

Jifunze jambo moja tu kabla ya mengine: mwelekeo wa kurudi. Ukienda kwa nyuzi 40, kurudi ni 220. Unaongeza 180, au unatoa 180 kama umezidi 180. Fanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule, mwenzako akikufunika macho kwa kofia usione zaidi ya miguu yako. Kwenye ukungu mzito usilenge kilele chenyewe. Lenga kitu kilicho karibu unachoweza kukiona, jiwe au senesio (ule mti mnene wa huko juu wenye majani makubwa kileleni), kifikie, kisha ulenge kingine. Pasipokuwa na kitu, mtume mwenzako mbele mpaka karibu apotee machoni, umwelekeze kwa sauti kushoto au kulia, asimame, umfuate. Ni polepole na inachosha. Ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana, kwa hiyo chagua mwenzako vizuri.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi. Binti yangu ana miaka 22 na ameanza kupanda milima na kikundi cha chuo. Siwezi kumkataza na wala sitaki. Nikiwa huku nyumbani, nifanye nini cha maana zaidi ya kuomba?
Mama, Nakuru

JIBU: Mama, asante kwa kutomkataza. Mwambie akuachie karatasi moja kabla ya kuondoka, iliyoandikwa kwa kalamu, isiwe ujumbe wa simu unaoweza kufutika. Iwe na majina ya wote na namba za jamaa zao. Lango wanaloingilia na watakalotokea. Mstari wao ukiwa umechorwa kwenye nakala ya ramani, pamoja na njia mbili za kukimbilia chini mambo yakiharibika. Rangi ya koti lake. Na saa mbili. Saa ya kwanza ni ile wanayotarajia kutoka langoni. Ya pili ni ile ambayo, ikipita bila yeye kukupigia, wewe unapiga simu bila kumsubiri na bila kuogopa kuonekana una wasiwasi mwingi. Kwa Nyandarua, kama saa ya kwanza ni saa kumi na moja jioni, mimi ningeweka ya pili saa mbili usiku.

Karatasi hiyo iandikwe pia namba ya ofisi ya KWS au KFS ya lango wanaloingilia, na uipige mara moja kabla ya siku yenyewe ili ujue inapokewa. Zaidi ya hapo kuna 999 na 112. Utakapopiga, watakuuliza watu wangapi, walikuwa wapi mara ya mwisho, na wamevaa nini. Yote utayasoma kwenye karatasi.

Na muulize binti yako swali moja: "Mkifika juu, mtashukia wapi?" Akikuonyesha kwenye ramani kwa kidole bila kusita, mpe chai na nauli. Akisema wataona wakifika, mwambie awapigie wenzake usiku huo huo.